Mfuko wa Asubuhi

Mama mkwe alipapasa kalenda ya dawa ukutani. Vidonge vyake vya moyo hufungwa kwenye duka la dawa katika vipakiti, kimoja kwa kila mlo, na kila kipakiti kina mfuko wake pale. Mfuko wa asubuhi ulikuwa mtupu.

"Mbona mimi sijanywa?"

"Umekunywa, mama. Si unaona mwenyewe?" alisema Kinuyo, mke wa mwanawe. Kipakiti cha asubuhi kilikuwa kinachakacha ndani ya mfuko wa aproni yake. Muda mfupi uliopita mkwewe alikuwa amemwambia supu yake ya miso, ile ya soya, ni maji ya kuoshea vyombo.

Kikongwe akainama mpaka mvi zikagusa meza. "Nisamehe, mwanangu. Akili zinaniacha."

Tangu aolewe, Kinuyo hakuwahi kuombwa radhi humo ndani. Akammiminia chai, akangoja ageuke, kisha akachomoa kwenye kalenda na kipakiti cha jioni.