Sauti Iliyouza Mbolea

Mume wa Nduta alikuwa kaburini mwaka wa tatu alipomwambia anunue mbolea.

Nduta alikuwa akipita mbele ya duka la dawa za mifugo pale Naro Moru, kikapu mkononi, kipaza sauti kikamwita: "Mkulima, shamba lako lina njaa. Lilishe... leo." Ilikuwa sauti ya mumewe, Kingori, nzito, yenye mkwaruzo, ikitua kidogo kabla ya neno la mwisho kama mtu anayemeza chai ya moto. Nduta aliketi ukingoni mwa barabara. Wapita njia walidhani ni presha.

Tangazo lilikuwa likitoka redioni pia, na kufikia jioni mji mzima ulikuwa na maoni. Mwenye bucha alisema mashine za siku hizi zikikusikia mara moja tu, kesho zinaongea kama wewe. Shemasi alisema huko ni kufufua wafu bila ruhusa ya Mungu. Kwenye hoteli ya chai watu waligawanyika: hawa wakitaka serikali izipige mashine hizo marufuku, wale wakicheka kwamba serikali iliyoshindwa na mashimo ya barabarani haiwezi kukamata kitu kisichoonekana.

Mutahi hakucheka. Alikuwa mtoto wa dadake Nduta, mwenye duka la simu Nanyuki na ulimi wa moto, na kila habari ya teknolojia aliijibu mtandaoni kana kwamba imemtukana yeye. "Walianza na jasho letu," aliandika. "Sasa wanachukua hata pumzi ya maiti." Watu wakalisambaza neno hilo milima na mabonde. Akaja hadi jikoni kwa Nduta, aliyemwita tata kwa kuwa ni dada wa mamake, kumhimiza ashtaki.

"Tata, hii ni wizi. Sauti ya mtu ni mali yake, na akifa ni ya bibi yake. Hawa tutawaonyesha."

Nduta hakutaka kumwonyesha mtu chochote. Alitaka sauti irudi nyumbani. Siku nyingine alijikuta amesimama mbele ya lile duka, akijifanya anachagua mbegu za sukuma wiki, huku mumewe akiwasemesha wapita njia wote sawasawa, kama asiyemjua.

Nyumbani hakukuwa na sauti nyingine. Hawakujaliwa mtoto. Kwa desturi, mtoto wao wa kwanza wa kiume angepewa jina la Mzee Wamae, babake Kingori. Mzee akafa akilitazama tumbo la Nduta, na jina lake halikupata wa kulibeba. Mama mkwe alinung'unika mpaka akachoka. Kingori hakunung'unika hata siku moja. "Jina halina haraka," alikuwa akisema, kisha anawasha lori, anapeleka viazi Kagio na kurudi na mchele. Kwa neno hilo moja Nduta alimpenda kuliko kwa maneno mengine yote.

Alichomwachia ni ujumbe mmoja wa sauti kwenye simu. Nduta aliusikiliza kila alipofunga mlango. Simu hiyo iliwahi kupelekwa kwa fundi kubadilishwa kioo, na Mutahi aliapa kwamba mwizi alipitia hapo.

Malalamiko yalisikizwa katika ofisi moja ya serikali, Nyeri mjini. Nduta alivaa sweta ya kanisani. Afisa aliyeyasikiza, Gicheru, alikuwa mtu mpole wa mvi. Upande wa pili alikaa Sophie, wakili wa kampuni ya mbolea.

"Mama," Gicheru aliuliza, "unataka tukufanyie nini?"

"Wazime."

"Na wakisema watakulipa?"

"Niliolewa na hiyo sauti. Siuzi."

Akaiweka simu mezani na kuucheza ujumbe wake, ule ambao hakuna mwingine aliyewahi kuusikia. "Nduta, mvua imekataa. Nitalala huku Kagio. Usiningoje, funga... mlango." Kisha wakacheza tangazo. Gicheru aliacha kuandika. Zilikuwa sauti moja. Hata aliyeziba sikio moja angejua.

Mutahi aliinuka akahutubu kana kwamba yuko bungeni. Alisema kampuni zimegeuza makaburi yetu kuwa machimbo, na kwamba nchi isiyolinda sauti za wafu wake itauza na za walio hai. Sophie alimngoja amalize.

"Hata mimi nimeshtuka," alisema polepole. "Lakini hatukutumia mashine. Wenzangu walimpata mtu sokoni, anauza mchele kwa kipaza sauti, wakapenda anavyoongea. Nimekuja naye. Yuko hapo nje."

Mutahi akacheka. "Mlete basi. Aongee hapa hapa, tuone kama hana waya mdomoni."

Gicheru alimgeukia Nduta. Nduta aliitikia kwa kichwa, bila hofu. Alikuwa amelala kando ya sauti ile ujana wake wote na uzee wake ulipoanza. Hapakuwa na mwigaji chini ya jua ambaye angeweza kumdanganya.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamume wa rika la Mutahi, akakung'uta matope kwenye viatu, akavua kofia. Nduta hakumtazama. Alifumba macho ili masikio peke yake yaamue.

"Tuambie unakotoka," Gicheru alisema, "na jina lako kamili."

"Natoka Kagio," alijibu yule mtu, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo. "Naitwa Wamae wa..." Akatua kidogo, kama mtu anayemeza chai ya moto. "Kingori."