Vidonge vya Wening

"Unga wako unaupumzisha muda gani?" mzee aliuliza.

Wening nusura amkumbatie. Miaka mitatu alikuwa akikanda unga wa vidonge vya kichocheo katika maabara ya kiwanda cha asidi pale Gresik, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali la maana. Meneja wake, Pak Gunardi, alijua moja tu: "Lini?" Jana yake aliongeza la pili: profesa kutoka mji wa Bandung anakuja kesho, akivikataa vidonge, mradi unafungwa.

"Saa mbili, Profesa," Wening alijibu.

Mzee aligeuka kutazama nyuma yake, kisha akatabasamu. Aliokota kidonge kilichotoka kwenye tanuri, akakinusa. "Na kazi yake?"

"Gesi ya salfa ikikipitia inashikana na oksijeni, inageuka. Lakini sehemu moja katika kumi inatoka vilevile ilivyoingia."

Mzee alikipasua kwa kucha. "Si unaona? Nje kimebadilika rangi, ndani kibichi. Kitoboe katikati, mwanangu."

"Nikitoboe?"

"Tundu kabisa, la kutokea upande wa pili. Kwani unachoma kwa joto gani?"

"Mia tano."

"Lahaula! Mimi vyangu mia na themanini tu, na hajalalamika mtu."

Mia na themanini! Wening aliiandika namba hiyo kiganjani. Hakuwahi kusikia kichocheo cha salfa kinachoamka kwa joto dogo hivyo. Huyu si wa kubishana naye.

Akatoboa. Wiki mbili baadaye kipimo cha majaribio kilionyesha gesi iliyogeuka imefika tisini na tisa kwa mia. Pak Gunardi, mtu wa kununa tangu asubuhi hadi jioni, alimkumbatia mlinzi wa getini. Palepale, mbele ya wote, Wening alipiga simu Bandung ili ashukuru, akafungua spika ili kila mtu asikie.

"Vidonge gani tena, mwanangu?" alijibu profesa mwenyewe, sauti ya mwanamke. "Siku ile homa ilinilaza. Ndiyo kwanza natafuta tiketi ya kuja huko."



"Sasa yule mzee aliyekuja humu siku ile ni nani?" Pak Gunardi alifoka.

"Yule?" mlinzi alisema. "Si Pak Kasan! Alileta donati zake zenye tundu za kumkaribishia profesa. Nilimwonyesha njia ya jikoni, sijui alipotelea wapi."