Cherehani ya Pembeni

Kila asubuhi Mwanahawa huitia mafuta cherehani yake kabla ya kufungua duka. Leo chupa ilikuwa bado mkononi aliposikia hodi. Ofisa wa benki alikuwa amefika mapema kukagua duka kabla ya kumwidhinishia kadi ya mkopo. Bila kadi hiyo asingepata vitambaa vya sare za shule, na wateja wake wangehamia kwa fundi mwingine.

Karibu na mlango zilimeremeta cherehani mbili za umeme. Jirani yake, Mama Shukuru, ndiye aliyemwazima jana, akamwambia: "Benki wanapenda kuona mali, mwanangu. Wewe nyamaza tu."

"Zote zako, dada?" ofisa aliuliza.

Mwanahawa akaitikia kwa kichwa.

Ofisa akacheka, akavua koti. "Basi nishonee huu mfuko uliochanika, unanifedhehesha tangu juzi."

Mwanahawa alilipokea koti kwa mikono miwili. Kabla hajafikiri, alikuwa ameshaketi pembeni, kwenye cherehani yake ya miguu, akikanyaga.

"Mbona unahangaika na hiyo ya kizamani, na mpya zipo?"

Miguu yake ikasimama. Nje, Mama Shukuru alikohoa kwa nguvu, akakohoa tena. Uzi ulikuwa bado umeshikana na sindano, na koti la watu limelala mapajani mwake, mfuko umeshonwa nusu.

"Zile si zangu, kaka," alisema. "Niliogopa utaninyima. Yangu ni hii, na kadi naiombea hii."