Foleni ya Pikapu Mpya

Sheria ilikuwa moja: ukiagiza pikapu mpya, ya zamani inazimwa siku hiyohiyo. Ya Ombeni ilizimwa mwaka jana, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kila toleo lililoundwa upya lilipotangazwa, simu ilimuuliza: achukue lililopo, au asubiri lijalo? Mara nne alibonyeza "Subiri", na jibu likishakwenda halirudi.

"Utazeekea kwenye hiyo foleni," mkewe Tulizo alizoea kumtania.

Siku hiyo hakutania. Alishika ukuta, uchungu wa kuzaa umembana, na hospitali iko ng'ambo ya mlima wa matope.

Simu ikalia. Pikapu ya umeme na mafuta iko tayari, itajileta yenyewe sasa hivi. Kidole cha Ombeni, kwa mazoea, kikabonyeza "Subiri".

"Inakuja, Baba Eliya?"

"Inakuja," alijibu, akimfuta jasho.