Mistari Mitatu Myekundu

Nanzala alitua sufuria ya uji, masizi na yote, juu ya insha ya mwanawe. Alifanya makusudi. Kisha akaendelea kukoroga kana kwamba meza ile haikuwa na kitu.

"Mama! Hiyo ni kazi ya muhula mzima!"

"Ni karatasi. Toa karatasi mezani, watu wanakula."

Joseph aliichomoa. Duara jeusi lilikuwa limekaa juu ya kichwa cha insha: Majaaliwa katika Tanzia na Maana katika Sanaa ya Kisasa. Ulikuwa mwaka wa hamsini, naye alikuwa amerudi likizo kutoka chuoni Kampala, kijana wa kwanza wa kambi ya wafanyakazi kufika huko. Lakini tangu ashuke kwenye gari moshi pale Eldoret hakuwa amechinjiwa hata kifaranga. Asubuhi hiyo hiyo mama alikuwa amewakamata kuku wake wote watano na kumpelekea jirani yao, Selpha. Bure tu. Joseph alijua anakomolewa.

Walikuwa hawapatani tangu wiki ya kwanza. Mama, mjane, alichuma maua ya pareto katika shamba la Kaburu hapo Kaptagat, kuanzia umande hadi jua kuzama, na hakuwa na swali hata moja kuhusu chuo. Joseph alikuwa amechoka kumwona ameinama. Machoni pake, mama alikuwa mtu aliyekubali kila kitu.

"Hata kama hutaki, nitakueleza," alisema akifuta masizi. "Katika tanzia, mtu mkubwa huanguka kwa sababu imekwisha kuandikwa. Akimbie, asikimbie, ataanguka tu. Hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana."

"Na anajua anachofanya?"

"Hajui. Akija kujua, mambo yamekwisha kuharibika."

"Basi huyo ni mjinga tu." Nanzala alimmiminia uji bila kumtazama. "Jeruto bado hawezi kukaa. Leo siku ya sita."

Jeruto alikuwa mchumaji mwenzake. Nyapara alimcharaza kiboko kwa kuchelewa kazini, akiwa na mimba ya miezi sita, na mimba ikatoka. Kambi nzima ilijua.

"Inasikitisha," Joseph alisema. "Lakini ndiyo majaaliwa yenyewe."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Sema tena."

"Nasema yalikuwa majaaliwa yake."

"Kwani majaaliwa yana mkono? Yanashika kiboko?" Nanzala alimsogelea hadi Joseph akasikia pumzi yake usoni. "Ukilitaja tena jina la Jeruto humu ndani kwa huo mdomo wa shule, utalala nje na vitabu vyako."

Joseph alirudi kufuta masizi. Haukuwa woga mtupu. Alikuwa na lake moyoni, ambalo mama asingelielewa.

Jumamosi iliyopita, kwenye maonyesho ya wakulima mjini Eldoret, mwalimu mmoja wa misheni alikuwa amemruhusu kutundika picha yake pembeni mwa banda la kazi za mikono: mistari mitatu myekundu juu ya karatasi nyeusi. Watu walicheka. Kaburu mwenye shamba hakucheka. Aliikodolea macho, akauliza maana yake nini.

"Maana ni ya mtazamaji," Joseph alimjibu kwa Kiingereza safi.

"Mimi naona moto," Kaburu alisema, akamwuliza jina lake.

Jumanne, ghala la pareto la Kaburu huyo likateketea lote.

Tangu hapo Joseph hakupata usingizi. Akifumba macho aliona jinsi mambo yalivyojipanga: picha, swali, jina, moto. Yeye asiye na hatia ndiye angebeba lawama. Aliogopa. Na pia, kwa siri, alijiona mkubwa. Maneno ya kusema siku ya kukamatwa alikuwa amekwisha kuyaandaa.

Lori la polisi liliingia kambini uji haujapoa. Walishuka askari wanne, inspekta Mzungu, na Sajini Murunga mwenye karatasi mkononi. Wachumaji walitoka vibandani mwao wakasimama. Hakuna aliyesalimia.

"Wamefika," Joseph alisema. Alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza likizo ile akamwonea huruma. "Usilie, mama. Haya hayakuwa mikononi mwetu."

Mama hakulia. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani.

Joseph alitoka nje, kifua mbele. "Mimi ndiye Joseph Kituyi!" alisema kwa sauti, kambi nzima isikie. "Picha ni yangu na siikani. Lakini kuchora si kosa, na hakuna mahakama inayoweza..."

"Picha gani?" Sajini Murunga aliuliza. Alimgeukia inspekta, inspekta naye akatikisa kichwa. "Kijana, toka mlangoni."

"Lakini Kaburu aliniuliza jina langu!"

"Nimesema toka!"

Sajini alimpiga kikumbo, Joseph akaenda chini, matope hadi kwenye viwiko. Hakuna aliyecheka. Sajini akaikunjua karatasi yake na kusoma polepole, kama mtu anayesoma asichokipenda.

"Nanzala, mjane wa Kituyi. Unashtakiwa kwamba siku ya Jumanne ulichoma ghala la pareto la mwajiri wako, kwa kutumia debe moja la mafuta ya taa."

"Mawili," mama alisema kutoka mlangoni, mikono amekwisha kuinyoosha. "Andika mawili."