Mume wa Ndiyo

Mwongeli alivuta zipu ya begi kwa nguvu. Wiki mbili sasa, tangu mumewe arudi kutoka semina ya maigizo mjini Machakos, hakuwa amemkatalia neno lolote. Huko walifundishwa kwamba mwigizaji hapingi neno la mwenzake. Hulikubali, kisha huongeza lake. Naye akaona atumie mbinu hiyo nyumbani, ili ugomvi uishe.

Alipoambiwa mbuzi wamemaliza kunde shambani, alijibu, "Ndiyo, na wameshiba vizuri." Alipoambiwa paa linavuja, akasema, "Ndiyo, na tumepata maji ya kufulia." Hakuna kinachochosha kama kugombana peke yako.

"Mimi naenda kwetu Katangi," Mwongeli akamwambia. "Na sirudi."

"Ndiyo, na..." mumewe akaanza, akinyoosha mkono kana kwamba anataka kumbebea begi.

Mkono wake ulishika kishikio juu ya vidole vya Mwongeli. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho.

"Hapana," akasema polepole. "Usiende."

Mwongeli hakuliachilia begi.

"Rudia," akamwambia.