Viti Kumi na Viwili vya Dharura

"Vipenyeze juu kabisa," Mkurugenzi Svetozar alisema, akitupa karatasi juu ya ratiba ya Vukosava. "Viti kumi na viwili vya mwaloni. Mteja mkubwa sana huyu."

Miaka ishirini na mitatu Vukosava alikuwa mpanga ratiba wa kiwanda kile cha samani mjini Valjevo, chenye mashine moja tu ya kukereza miguu ya viti. Ilitoa viti arobaini kwa siku, si arobaini na kimoja. Lakini bosi, Mungu amzidishie, aliamini mashine ni ng'ombe, ukiikemea inaongeza maziwa.

"Hivi vikitangulia, oda ya shule itasogea mpaka tarehe kumi na tisa Desemba."

"Basi mfanye kazi tarehe kumi na tisa."

"Bosi! Sikukuu ya Mtakatifu Nikola?"

"Mashine haina mtakatifu. Asiyekuja, asirudi tena. Mimi nitakuwa na kikao na mteja."

Karakana nzima, watu arobaini na wanane, Nikola ndiye mtakatifu mlinzi wa nyumba zao. Fundi Tihomir alilipuka.

"Dada Vuka, siku hiyo mgeni haalikwi wala hafukuzwi, na mwenye nyumba haketi mpaka wa mwisho aondoke! Kwangu nani atawakarimu, paka?"

"Mwenye nguvu mpishe, Tiho. Mtakuja wote."

"Kibaraka wa bosi we!"

Neno lile lilimuuma. Akaenda kumuuliza dereva wa kiwanda vile viti vya dharura atavipeleka wapi. Alipojibiwa, akachonga penseli yake.

Ratiba mpya ilikuwa na zamu nne. Bosi aliitia sahihi bila kuisoma. Kusoma ni kazi ya watu wadogo.

Tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, Vukosava alibonyeza kengele. Mlango ulifunguliwa na Svetozar mwenyewe, kavaa suti, kashika bakuli la ngano tamu ya wageni. Nyuma yake mshumaa mrefu uliwaka juu ya meza ya samaki iliyozungukwa na viti kumi na viwili vipya vya mwaloni, na mama yake mzee na padri walichungulia kuona nani kaja.

Walikuja wafanyakazi kumi na wawili, Tihomir mbele, kanyoa ndevu.

"Heri ya mtakatifu wako, bosi," Vukosava alisema, akimwonyesha sahihi yake chini ya ratiba iliyotaja nyumba yake kuwa mahali pa kazi. "Hii zamu ya kwanza, tatu zinafuata. Utatuwia radhi, kila zamu ni saa moja tu: viti ni kumi na viwili, na mashine ya kuhudumia ni moja."